Ngojeni Ndege Wanone

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba, wakaoa na kuwaogopa wakwe zao kama sisi, palikuwa na ziwa pana lenye matete mengi. Kando ya ziwa palikuwa na jabali, na juu ya jabali aliishi Pimbi na mkewe Tunu.

Mnamjua Pimbi? Ni yule mdogo, mviringo, asiye na mkia. Ukimwona kwa mbali utadhani ni sungura aliyenyang'anywa masikio. Haya, mshacheka? Chekeni mmalize, maana wapo wakubwa waliomcheka vilevile, na habari zao ndizo ninazowaletea.

Kazi ya Pimbi ilikuwa kutazama ndege.

Kila mwaka mvua za vuli zikianza, ndege wa kaskazini walikuja ziwani. Huko kwao baridi huwa kali hadi maji yanakuwa magumu kama sahani, na chakula hakuna, ndipo wanapofunga safari: bata, vitwitwi, korongo, makundi kwa makundi. Lakini hawakutua ovyo. Walizunguka juu kwanza, na kiongozi wao, Bi Korongo, alishuka peke yake jabalini kumsalimu Pimbi na kuuliza habari za pwani ya ziwa. Pimbi akiona kuna usalama, alipaza sauti fupifupi: "Kwa! Kwa! Kwa!" Basi wote walishuka, na ziwa likawa kelele tupu.

Wanyama wa jirani walikuja na mikeka yao kutazama. Walikaa jabalini tangu asubuhi wakibishana.

"Yule bata!"

"Bata wapi? Huoni mdomo wake? Kitwitwi yule!"

"Kitwitwi mkubwa hivyo? Pimbi, hebu tuamue!"

Na Pimbi aliamua, maana aliwajua wote kwa mlio, kwa mwendo na kwa namna ya kukunja shingo.

Ila palikuwa na desturi moja. Hakuna kumtazama mgeni ukiwa na njaa. Kila aliyekuja kutazama alipitia kwanza uani kwa Tunu, akala ugali wa mtama na maharage mpaka ashibe, ndipo akapanda jabalini. Hata Bwana Chui, aliyehamia karibuni kutoka msituni, alijilazimisha kula matonge mawili matatu kwa heshima, huku akifuta sharubu kwa madaha.

Sasa mwaka mmoja Bwana Fisi alikuja. Alikula ugali. Alikula maharage. Alilamba chungu, akalamba mwiko, akaomba na ukoko. Kisha akapanda jabalini akakaa, na mate yakaanza kudondoka: tii! tii! tii!

"Bwana Fisi," Pimbi akasema, "wewe hutazami. Wewe unaonja kwa macho."

"Mimi? Thubutu! Ni jua tu hili linanitoa jasho."

"Jasho la mdomoni?"

Wanyama wakaangua kicheko. Bwana Chui naye, aliyekuwa akijilamba kimyakimya nyuma ya jiwe, akaonekana. Wote wawili wakaambiwa wakunje mikeka yao waende nyumbani. Walikwenda, lakini walikwenda na kinyongo, na kinyongo cha mwenye meno si kitu cha kudharau.

Njiani Fisi akamwambia mwenzake, "Wanatufukuza ili wale peke yao."

"Wale nini?" Chui akauliza.

"Ndege! Wewe mgeni hapa, huyajui ya hapa. Mimi nimekulia hapa. Kila mwaka wanakuja wengi, wanajaa ziwa zima. Ikifika masika, nikipita, hakuna hata mmoja. Wamekwenda wapi? Wameliwa! Yule kibonge na wenziwe wanawafuga, halafu siku moja wanafanya karamu bila kunialika. Mimi! Mwenyeji!"

"Loo," Chui akasema. "Watu wabaya."

Mnaona hapo? Fisi alikuwa ameona ziwa tupu miaka yote, na jibu alilopata lilitoka tumboni mwake. Shikeni hilo.

Basi vuli ikarudi. Mwaka huo mama mkwe wa Pimbi, Bi Sikudhani, alifunga safari kutoka milima ya mbali aje kuwaona hao ndege ambao mkwewe hakuacha kuwasifu. Bi Sikudhani alikuwa mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na hakuna kitu duniani kilichowahi kumridhisha. Chai ikiwa moto, imeunguza. Ikipoa, amepewa maji ya kunawa. Pimbi alimheshimu sana, na zaidi akiwa mbali.

Siku hiyo Tunu alifagia uwanja, akapika, akangoja. Mama hakutokea. Aliyetokea ni Bwana Fisi, na nyuma yake Bwana Chui.

"Hodi, ndugu yangu Pimbi!" Fisi akasema, meno yote nje. "Unamngoja mgeni? Usihangaike, yuko kwangu. Tumemkaribisha njiani. Tumemfunga kamba kidogo tu asichoke kwa kutembea."

Tunu akapiga yowe, "Mama yangu weee!"

"Hajambo," Chui akasema taratibu. "Na ataendelea kuwa hajambo. Tunataka kitu kidogo. Ndege wako wanakuja. Sisi tutajificha hapa nyuma ya mawe. Wewe waite washuke kama kawaida, sisi tule. Ukiwafukuza, tunamla bibi."

Tunu akamshika mumewe mkono, akamwambia polepole, lakini kila mtu alisikia: "Mume wangu, nakupenda. Lakini nyumba hii usiingie bila mama."

Pimbi alisikia uchungu. Huku mama mkwe, huku wageni waliomwamini tangu enzi za babu zake. Nani angependa kuwa yeye siku hiyo? Alijikuna shavu, akatazama juu. Mbali kaskazini palikuwa na vidoadoa vyeusi, na vidoadoa vilikuwa vikikua.

"Sawa," akasema. "Jificheni."

"Eti sawa!" Fisi akamnong'oneza Chui. "Nilikwambia ni mwoga."

Ndege wakafika, wakazunguka juu ya ziwa, fuu, fuu, fuu. Bi Korongo akashuka jabalini. Maskini, alikuwa hoi. Miguu ilimlegea, mabawa yakaburuzika chini.

"Salaam, Pimbi. Habari za pwani?"

Kabla Pimbi hajajibu, Fisi aliruka kutoka nyuma ya jiwe, pu! Akamdaka Bi Korongo shingoni.

"Subiri!" Pimbi akasema, tena kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na watoto. "Ebo! Unakula bila hata kupapasa? Hata sokoni watu hawanunui kuku bila kumpapasa kifua."

Fisi akasimama, mdomo wazi. "Kupapasa?"

"Mpapase kifua."

Fisi akampapasa. Bi Korongo alikuwa msafiri wa siku nyingi, alishaona mengi njiani, akajilegeza akawa kama kitambaa cha jikoni.

"Lahaula! Mfupa mtupu! Unakata kama kisu!"

"Mpapase na mgongo."

"Mfupa!"

"Na paja."

"Hili paja? Hii ni fito!" Fisi alikaribia kulia. "Chui, njoo uone, huyu ni kuni!"

"Ametoka safari," Pimbi akasema. "Wote wale huko juu wako hivyo. Mafuta yote wameyamaliza njiani. Mkitaka kula mifupa leo, kuleni, wala sitawazuia. Lakini mimi kazi yangu ni kutazama ndege, na nawaambia nilichokiona kwa macho yangu kila mwaka: wakikaa hapa wakala nzige na mbegu na vijidudu vya matopeni, wananona. Wananona mpaka ngozi inang'aa. Wananona mpaka wanatembea wakiyumba. Leo ni manyoya. Ngojeni wanone."

Fisi akamwachia Bi Korongo, akapiga kofi la nguvu, pa! "Nilijua! Chui, sikukwambia? Wanawanenepesha kwanza! Ndiyo maana masika hawapo! Siri imetoka!"

Pimbi hakusema ndiyo wala siyo. Alijikuna tu shavu.

Chui, aliyekuwa na akili zaidi, akauliza, "Na tutajuaje siku watakaponona kabisa?"

"Mimi nitawaambia."

"Utatuambia kweli?"

"Siku watakapokuwa wamenona hata hawawezi kunona zaidi, nitawaita ninyi wawili kwa majina, mje pwani. Naapa kwa jabali hili. Na bibi mnaye. Ila nyinyi nanyi mjue: bibi yule akipungua hata unywele, siiti mtu. Mtamlisha vizuri, mtamfungua kamba, mtamheshimu. Na ndege wasisumbuliwe, maana mwenye hofu hanoni."

Wakakubaliana. Pimbi akapanda juu, "Kwa! Kwa! Kwa!" Ndege wakateremka.

Wale wakubwa walipokwisha kwenda, Bi Korongo akamtazama Pimbi. "Pimbi, umetuuza?"

"Sijauza kitu, Bi Korongo. Mngeweza kufika ziwa jingine?"

"Hata hilo tungi la mkeo lingekuwa mbali."

"Basi kuleni, mpumzike. Kuleni kama mnavyokula kila mwaka." Kisha akamnong'oneza neno sikioni. Bi Korongo akalisikiliza, akacheka kwa mara ya kwanza tangu atue.

Basi yakaanza mambo ambayo ziwa lile halikuwahi kuyaona. Fisi na Chui wakawa walinzi wa ndege! Mbweha alikuja ananyemelea bata. Chui alimrukia, "Toka! Bado hajanona huyo!" Mbweha akakimbia bila kuelewa amekosa nini. Mamba akatoa pua majini karibu na vitwitwi, Fisi akamtupia mawe, chubwi! chubwi! "Wewe! Huna subira?" Mzee Kiboko, aliyelala majini mchana kutwa, alifungua jicho moja, akauliza kama dunia imefika mwisho, akalifunga tena.

Kila asubuhi wawili hao walikuja jabalini kukagua. Na mkikagua kitu kila siku, watoto wangu, mtakijua tu, mpende msipende.

"Yule mwenye madoa ameongezeka," Fisi anasema.

"Yupi?"

"Yule kiluwiluwi."

"Kiluwiluwi ni mtoto wa chura, Bwana Fisi," Pimbi anasema. "Yule ni kitwitwi."

"Ndiyo, huyohuyo. Shingo imeanza kupotea. Leo?"

"Bado. Tazama anavyokimbia. Aliyenona hakimbii hivyo."

"Bado," Fisi anarudia kwa huzuni, mate tii, anarudi nyumbani.

Na nyumbani, je? Ah, nyumbani kwa Fisi ndiko kulikokuwa na kazi.

Siku ya kwanza kabisa Pimbi alikwenda kumwamkia mama mkwe wake. Alisimama mlangoni, macho chini kama ipasavyo kwa mkwe, mke wa Fisi, Mama Mifupa, akiwa palepale anasikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunitoa?"

"Bado kidogo, mama. Wenyeji wako wameahidi kukuheshimu. Nami nakuomba kitu kimoja tu: usijibane. Jisikie uko nyumbani kwangu."

Bi Sikudhani akamtazama mkwewe, na kona ya mdomo ikacheza. "Kama nyumbani kwako?"

"Kama nyumbani kwangu kabisa, mama."

"Haya," akasema. Halafu akageuka. "Mama Mifupa! Hivi huu ndio mkeka mnaompa mgeni? Unanuka mbwa!"

Tangu hapo Mama Mifupa hakupumua. Uji uwe mwepesi. Umekuwa mwepesi mno. Maji ya kuoga yawe ya vuguvugu, tena yachotwe juu ya mto, si chini. Nyumba ifagiliwe, mifupa yote ya pembeni itolewe. "Watoto wako wanachekacheka ovyo," Bi Sikudhani alisema, "nani aliwalea?" Watoto wa Fisi, waliozaliwa wakicheka, wakaanza kutembea wamefumba midomo.

"Mume wangu," Mama Mifupa alilia, "yule bibi nimle?"

"Ukimla tu, ziwa zima limekwenda!" Fisi akafoka. "Vumilia. Bado kidogo wananona."

"Hata nikimla," Mama Mifupa akasema, "naona ataendelea kunikosoa humohumo tumboni."

Vuli ikapita, kiangazi kikaja, kikapita. Pepo zikaanza kubadilika, na mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Na ndege? Jamani, ndege walikuwa wamenona! Bata walikuwa mviringo. Vitwitwi walikuwa kama vidonge vya ugali vyenye miguu. Bi Korongo alitembea ufukoni kwa maringo kama bi harusi aliyekaa ndani miezi na kulishwa vizuri. Fisi hakuweza tena kuwatazama, alitazama kati ya vidole.

Lakini Chui alikuwa akitazama kweli. Asubuhi moja akasema, "Pimbi. Mbona wanakunjua mabawa kila wakati?"

"Wewe ukishiba sana hujinyooshi?"

"Najinyoosha," Chui akakubali. "Na mbona wote wamelala wakielekeza midomo upande mmoja?"

"Upepo unatoka huko. Nani anataka kulala manyoya yakipeperuka?"

Chui alizungusha mkia polepole, na huo mkia Pimbi hakuupenda. "Nimechoka kungoja," Chui akasema mwishowe. "Uite usiite, kesho jua likipanda tunakula. Na bibi naye tutamla pamoja, kama kachumbari."

"Na sisi tumengoja sana!" Fisi akadakia.

"Sawa," Pimbi akasema. "Kesho. Wala sikuwa na nia ya kuwachelewesha zaidi."

Hapo Pimbi alikuwa mashakani, nawaambia kweli. Ndege walikuwa tayari, aliona kwa jinsi walivyokunja shingo. Lakini mama mkwe alikuwa bado kwa Fisi, na maneno ya Tunu hayakumtoka kichwani. Jioni ileile, Fisi na Chui wakiwa pwani wanachagua bata wa kuanzia, Pimbi akaenda nyumbani kwa Fisi, macho chini.

"Hodi! Mama Mifupa, nimekuja kushukuru."

Mama Mifupa alikuwa amekaa jikoni amejishika kichwa. "Kushukuru nini?"

"Ukarimu wenu. Mama anapendezwa sana hapa. Kesho mambo yetu na Bwana Fisi yanakwisha vizuri, na kwa kuwa yanakwisha vizuri, mimi na Tunu tumeona mama asisumbuliwe kuhama. Aishi nanyi mpaka masika nyingine. Kisha tutaangalia."

"Masika nyingine?"

"Na dada yake atakuja kukaa naye asiwe mpweke. Huyo ndiye mkubwa, huyu mama ni mpole ukimlinganisha naye."

Ndani sauti ikasikika: "Mama Mifupa! Nimekwambia uji usiungue! Au hapa hamna pua?"

Mama Mifupa aliinuka kama aliyechomwa na mwiba. Akaingia ndani, akatoka na Bi Sikudhani, mkeka wake, kikapu chake na mkongojo wake, akavitupa vyote nje ya mlango, puu!

"Mchukue! Mchukue sasa hivi! Mume wangu akiuliza nitamwambia alitoroka!"

"Lakini Bwana Fisi hatakasirika?" Pimbi akauliza kwa upole.

"Na akasirike! Yeye anatazama ndege mchana kutwa, mimi ndiye ninayeishi humu!"

Akafunga mlango, kwa! Ukasikika wimbo wa furaha ndani, na watoto wakaanza kucheka tena.

Bi Sikudhani akaokota kikapu, akajipangusa. "Umechelewa," akamwambia mkwewe. Hapo alikuwa hajasema neno zuri kuhusu Pimbi tangu amwoe binti yake, lakini walipofika kwenye njia ya jabalini akaongeza, "Ila umetumia akili." Pimbi alikaribia kuanguka. Tunu alipomwona mama yake, alimkumbatia akalia mpaka ugali ukaungua, na mama akasema umeungua.

Kesho yake jua lilichomoza jekundu. Pimbi akapanda juu ya jabali, akaita, "Bwana Fisi! Bwana Chui! Wamenona! Hawawezi tena kunona zaidi! Ndiyo leo!"

Waliteremka mbio pwani. Fisi, ambaye usiku kucha aliwaza bata tu hata asiulize habari za bibi, alikuwa amefunga leso shingoni kama anakwenda harusini. Chui alitambaa katika matete, tumbo chini, kimya kabisa. Ndege walikuwa wamejaa ufukoni wote, bega kwa bega, na hakuna aliyesogea. Fisi alimtazama bata mmoja aliyekuwa mviringo kama chungu, akamwambia kimoyomoyo, wewe kwanza, mpenzi.

"Sasa?" akanong'ona.

"Nikihesabu," Chui akanong'ona. "Moja..."

Juu ya jabali Pimbi akavuta pumzi mpaka akawa duara, akatoa mlio mmoja mrefu wa kuwaaga ndege, ambao wakubwa wale hawakuwahi kukaa karibu wakausikia:

"Kwaaaaaaaaaaaa!"

Fuuuuuuuuu!

Ziwa zima liliinuka. Bata, vitwitwi, korongo, wote kwa mpigo mmoja, paa! paa! paa! Upepo wa mabawa ukawapiga wale wawili usoni, ukavua leso ya Fisi. Fisi aliruka mdomo wazi, akaangukia topeni, pwaa! Alipoinua kichwa alikuwa na unyoya mmoja mdomoni na tope kilo nzima. Chui aliruka juu zaidi, kwa madaha, akakosa, akashuka barabara juu ya mgongo wa Mzee Kiboko.

"Nani huyo?" Mzee Kiboko akanguruma, kwa mara ya kwanza mwaka huo akifungua macho yote mawili.

"Samahani, mzee, nilikuwa napita tu..."

Chubwi! Bwana Chui akaoga siku hiyo, naye hapendi maji. Alipotoka upande wa pili, alitokomea moja kwa moja hadi msituni kwao, na mkeka wake mpaka leo hajaja kuuchukua.

Ndege walizunguka juu mara chache, wakipanda, wakipanda. Bi Korongo akashuka kidogo, akapunga bawa moja juu ya jabali, akawakimbilia wenzake. Wakawa mstari. Mstari ukawa uzi, na uzi ukapotelea kaskazini.

Fisi alisimama topeni, macho juu.

"Pimbi!" akapiga kelele. "Mwongo wewe! Ulisema wamenona!"

"Hawakunona?" Pimbi akauliza.

"Wamenona! Nimewaona! Walikuwa hivi!" Akaonyesha kwa mikono.

"Basi uongo wangu uko wapi? Niliwaambia wakinona nitawaita, nikawaita. Hukuniuliza wananona kwa nini. Safari ni ndefu, Bwana Fisi, majangwa na bahari, na hakuna kula njiani. Ndege anayenona hivyo ananona ili aondoke. Siku anayonona kuliko zote ndiyo siku anayoruka."

Mate hayakumtoka Fisi safari hii. Alitazama ziwa tupu, ziwa lilelile alilolitazama tupu miaka yote.

"Kwa hiyo kila mwaka... hawaliwi?"

"Hawaliwi."

"Wanakwenda wapi?"

"Kwao," Pimbi akasema. "Wana viota vyao huko, na watoto, na wakwe."

"Kwao," Fisi akarudia polepole, kama neno la lugha ya kigeni. "Kumbe wana kwao."

Akatema unyoya, akaenda zake nyumbani kumweleza Mama Mifupa, na yaliyompata huko ni hadithi ya watu wazima.

Mimi naishia hapa ufukoni, miguu imelowa, na ninyi chukueni hili moja mwende nalo mkalale: unayemngojea anone ili umle, naye ana safari yake.